Kafetiere ya Mama Mukwe

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 1, mwezi wa sita 1981

Nimefua, nimeanika. Mutoto wangu Afoyo amelala. Majuma mbili sasa haonji ziwa. Ni juu ya mimba hii ya pili, ilibidi nimukataze. Analia asubuhi tu.

Barua ya mama mukwe imefika toka Mahagi na dereva wa kamio. Baba Afoyo aliisoma amesimama. Mama yake anakuja juma lijalo kumuchukua mutoto, amukomalishe kwao. Kwa watu wa bwana yangu iko hivyo: mutoto wa kwanza akiacha ziwa, anaenda kwa tate, mama ya baba. Baba Afoyo naye alikomalia hivyo. Anasema, "Mie nilikufa?"

Naogopa.

Siku ya pili, tarehe 2

Nimewaza. Mama mukwe alipikia mapadri miaka mingi. Siku ya ndoa yetu nilimupa kawa ya sufuria. Alikunywa nusu, akamwaga, akasema mbele ya watu, "Nyumba yenye machicha ku kikombe haina mwanamuke." Watu walicheka. Mie pia nilicheka, machozi karibu.

Akiona leo niko mwanamuke wa nyumba, labda ataniachia mutoto. Natafuta kafetiere, chombo cha kupikia kawa. Ile ya mapadri, ya kioo, unasukuma pistoni na machicha inabaki chini.

Siku ya ine, tarehe 4

Mama Kavira, jirani wetu hapa Rwambuzi, mutu wa Butembo, anauzisha vyombo vya wazungu wanaorudi kwao. Alinionyesha tatu. Ya aliminiamu inang'aa, lakini chujio inacheza, kidole changu kidogo kiliingia pembeni. Hapana. Nyingine ndogo, kioo iko na ufa kama unywele. Mama Kavira anasema ufa haunywi kawa. Nikacheka, nikamurudishia.

Ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mumoja muzungu. Kioo nzito, miguu ya chuma, chujio imezungukwa na waya, imekaza sana. Niliinua ku jua, nikachungulia. Matundu madogo-madogo.

"Hiyo, mama, hata zambi haiwezi pita," Mama Kavira akasema.

Nikachagua hiyo. Nilimupa kikwembe changu cha ndoa. Sikukivaa hata mara tatu. Hakukataa.

Siku ya posho, tarehe 6

Baba Afoyo aliuliza kikwembe iko wapi. Nikamuonyesha kafetiere. Akaigeuza-geuza. "Mama hakuandika habari ya kawa."

Najua. Lakini nifanye nini ingine? Kumuambia mama mukwe hapana, mie? Niliishia mwaka wa ine ku masomo, na mudomo wangu pia uliishia pale. Na Baba Afoyo hataki kusema. Anamupenda Afoyo, naona. Lakini kwa mama yake anakuwa mutoto mudogo.

Nilijaribu na maji tu. Pistoni ilishuka polepole, bila sauti. Kawa sikutia. Chombo kipya cha mugeni, mugeni ndiye anakifungua.

Siku ya pili ya juma, tarehe 9

Natwanga kawa tangu asubuhi. Mama yangu alinifundisha: muvivu anaonekana ku unga. Nilitwanga, nikachekecha na kitambaa, nikatwanga tena. Imekuwa laini kama pudri ya mutoto. Afoyo alitia kidole, akajipaka ku pua.

Mama mukwe amefika jioni, vumbi mpaka ku kope. Ameleta nguo mbili za Afoyo, ameshona mwenyewe. Zinamuenea sawasawa. Nani alimupa kipimo?

Siku ya tatu, tarehe 10

Imevunjika.

Niandike vile ilikuwa. Nilitia kawa, nikamwaga maji ya moto mbele yake, kwa heshima. Nikangoja. Nikasukuma pistoni. Haikushuka. Unga uliziba matundu yote. Nikasukuma na mikono mbili. Mama mukwe alisema, "Acha, binti." Sikuacha. Nilitaka ishuke tu. Kioo ikapasuka, kawa ikakimbia ku meza, ikashuka chini. Afoyo alikuwa karibu na mguu wangu.

Mama mukwe alimunyakua. Haikumufikia hata tone. Mie ndiye nimeungua mukono. Lakini tangu saa ile hakumushusha tena. Alikula naye ku magoti.

Baba Afoyo aliokota vioo. Hakuna aliyenigombeza. Ni afazali wangenigombeza.

Siku ya tano, tarehe 12

Leo mama mukwe aliamuka mbele yangu, akapika kawa yeye mwenyewe, ku sufuria. Aliponiona akanisogezea kiti. Akanifunga mukono na kitambaa safi.

"Kawa ya kile chombo, binti yangu, hawaitwangi hivyo," akasema. "Wanaivunja-vunja tu, kama muchele umevunjika. Mapadri walinigombeza juu ya ile ile. Ungeniuliza."

Nikasema nilitaka afurahi. Nikamuuliza pia, sijui nilipata wapi nguvu, kama anaweza kuniachia mutoto mpaka huyu mwingine azaliwe.

Aliangalia tumbo langu. "Mie sikukuja juu ya kawa," akasema. "Hata ingekuwa tamu namna gani." Akaninyooshea kikombe. "Kunywa. Nami nililia, wa kwanza wangu alipoenda."

Nilikunywa na machicha yake. Baba Afoyo alikuwa mulangoni. Aliangalia viatu vyake.

Siku ya posho, tarehe 13

Wameenda saa moja asubuhi. Afoyo alifurahia kamio. Hakugeuka.

Siku ya yenga, tarehe 14

Misa ya kwanza. Nilikaa mwisho wa benchi, karibu na mulango, mahali siye wamama wa watoto tunakaa ili tutoke wakilia. Leo sikutoka. Nilisikia mahubiri yote mpaka mwisho.