Mama Hakusindikizwa

Nyakato, Mwanza
12 Machi 1995

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko Sengerema. Kazi ya minofu kiwandani inaendelea. Nanuka sangara hata nikioga mara tatu.

Asante kwa kumruhusu Mama aje jana. Chai hakutaka. Gauni lake lilikuwa limelowa pindoni, nikamtania kwamba amevuka ziwa kwa miguu. Alipoaga nilikuwa hoi kwa zamu, nikamwambia "gudbai" nikiwa nimejilaza, najidai Mzungu. Akauliza maana yake, nikasema nitakuuliza wewe. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuondoka. Wewe ulifundisha Kiingereza miaka yote, nieleze. Na je, amefika salama?

Mwanao,
Paskazia

Sengerema
20 Machi 1995

Mwanangu,
Marahaba. Kaa kwanza ndipo usome.

Mama yako alifariki Alhamisi tarehe tisa, tukamzika Ijumaa. Nilikupelekea telegramu kiwandani; kumbe hukuipata. Nisamehe, mwanangu.

Aliyekuja kwako Jumamosi simjui. Ila tangu tuzike, kila asubuhi nakuta kiti chake cha mlangoni kimelowa, na mvua hakuna.

Neno lako "gudbai" lilikuwa sala. Zamani Waingereza walitamka yote: "God be with ye," yaani "Mungu awe nawe." Likasuguliwa midomoni kwa miaka mingi, likafananishwa na salamu zao nyingine za kutakiana siku njema, hadi Mungu akawa hasikiki ndani yake. Siku hizi hata mtu akiachana na kazi au tabia huiambia hivyo. Kumbe ni la kumkabidhi msafiri kwa Mungu pale miguu yako inapoishia.

Wewe ulimfikisha wapi?

Baba yako,
Nestory

Nyakato
29 Machi 1995

Baba,
Shikamoo. Nimelia mpaka sauti imekauka. Sikumsindikiza hata hatua moja, mama ambaye hakuwahi kumwacha mgeni njiani kabla ya njia panda!

Jana mchana alirudi. Haingii, haondoki. Kesho nitamfikisha Kigongo kwenye kivuko, nimwambie lile neno zima. Naogopa, Baba.

Paskazia wako

Nyakato
31 Machi 1995

Baba,
Shikamoo. Nimemsindikiza hadi Kigongo. Nikasema, "Mungu awe nawe, Mama." Akafurahi sana. Kisha akasema, "Haifai urudi peke yako, na mimi nikusogeze kidogo." Ningemkatalia vipi? Tumetembea mpaka Nyakato na wala sikuchoka. Sasa ni zamu yangu kumrudisha. Ananisubiri mlangoni niifunge barua hii. Anasema safari hii kivuko hatukihitaji.

Mwanao

Sengerema
8 Aprili 1995

Paskazia mwanangu,
Hujambo? Nijibu, hata mstari mmoja. Unamjua mama yako. Yeye na shangazi yako Teodora walikuwa wakirudishana njiani mpaka jua linazama, kila mmoja hataki kumwacha mwenzake. Geuka wewe kwanza. Akikuita, usiitike.

Leo asubuhi nimekuta mlangoni viti viwili, vyote vimelowa. Cha pili sikukitoa mimi.

Lile neno silisemi, mwanangu, liwe fupi au refu. Nasubiri barua yako.

Baba yako