Kurasa Kumi na Moja za Dibaji

Jumatatu, 4 Juni 2012

Rwakabuba wa Mbarara amekubali kuchapa kitabu changu! Mimi, Mariette wa Rubondo hapa kambini, mkimbizi kutoka Fizi – mwandishi! Sharti lake: kurasa sitini na nne, hata moja isizidi. Karatasi yake kubwa ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita, na kila kitabu kinapata karatasi nne tu. Changu kina kurasa sitini. Zinabaki mbili za jina la kitabu na haki za mwandishi, na mbili za dibaji. Nimeapa kuwa mwandishi mzuri: kujibu upesi, kuuliza nisipoelewa, kutonuna.

Jumatano, 6 Juni

Kosa langu – nimetangaza kanisani. Pasta Constantin akauliza nani ataandika dibaji. Kwetu hakuna anayefungua mdomo mbele ya watu kabla ya kusalimia pasta, mke wa pasta, wazee, korali, wageni... Nikajibu: ni ninyi, Pasta. Mama Nyirabizimana, kiongozi wa akina mama, akakohoa. Naye nikamwambia ndiyo. Korali nao ndiyo. Mdomo huu!

Jumapili, 10 Juni

Dibaji zimefika. Ya Pasta, kurasa sita. Inaanza na kuzaliwa kwake – kulikuwa na shida mingi, inaonekana – na mimi natokea ukurasa wa tano, naitwa "dada mmoja". Mama Nyirabizimana, tatu, za kuwaonya wasichana juu ya suruali. Kitabu changu hakina suruali hata moja! Korali, mbili: majina ya wote, hata waliohamia Juru. Nimesema amina. Nimetia yote kwenye bahasha.

Alhamisi, 14 Juni

Mbarara. Rwakabuba amesoma zote, halafu akaniita kwa heshima ya kwao, nyabo, yaani mama: "Nyabo, hii ni kitabu ama ni harusi?"

Zimezidi kurasa tisa. Karatasi ya tano hana. Akanionyesha alipoweka penseli: sura ya tano, kurasa tisa kamili. Eti ikitoka, msomaji hatajua.

Sura ya tano ni Yvette, mdogo wangu. Tulimwacha mu shamba la mihogo la watu, mwaka wa 1996, bila kaburi, bila hata sala, tunakimbia. Ni kwa ajili yake nilianza kuandika. Suruali zibaki, Yvette atoke? Nimenuna ndani ya basi mpaka Kaberebere.

Ijumaa, 15 Juni

Rwakabuba ana kosa gani? Hesabu alinipa siku ya kwanza. Nimempigia simu na mpango wangu: yeye azikatae dibaji, mimi niende kulia kwa Pasta kwamba mchapishaji ni mtu mbaya. Mpango mzuri! Amekataa.

"Nyabo, mimi nakata penye umesema. Lakini kusema ni kazi ya mwandishi. Kuja Jumatatu, tunapanga pamoja."

Mkaidi huyu. Na ana haki, ndiyo inaniuma zaidi.

Jumatatu, 18 Juni

Niko ofisini kwa Rwakabuba. Pasta amenifuata – suti nyeusi, na picha yake ya kuweka mbele ya kitabu! Nilikuwa nimekwisha kukabidhi kazi: sura zote, na dibaji moja ya kurasa mbili, niliyoandika mwenyewe. Kanisa zima nimelishukuru kwa mstari mmoja. Rwakabuba amehesabu: sitini na nne. "Sasa tunafanya kazi," amesema.

Pasta amelivuta bunda la karatasi zangu. Anajitafuta. Anageuza, anageuza... Amefika kwa Yvette. Amesimama hapo. Ameketi. Anasoma mpaka mwisho, picha yake juu ya magoti.

Amevua miwani, amefuta macho. Nikafikiri, Mungu wangu, ameelewa!

"Maman Mariette," amesema polepole, "imeniumiza roho. Kweli imeniumiza. Sasa, mimi niko fasi gani, ukurasa wa ngapi?"

Rwakabuba anachonga penseli, hamwangalii mtu. Pasta anangoja. Nami nazidi kuandika humu daftarini, nisiinue kichwa –