Bipu Uliyokuwa Unaipokea

Mama yangu wa Jabe,

Leo mjukuu wako amenigombeza kwa maneno yaleyale niliyokuwa nakugombeza nayo wewe. Nimecheka mpaka machozi yakanitoka, nikaona hakuna mwingine wa kumwandikia, ingawa huko uliko hakuna posta.

Unaikumbuka ile simu ya mkononi niliyokuletea sokoni? Wauza vitenge wenzako waliigombania kama mtoto mchanga, kila mmoja anataka kuipakata. Wakati huo nilikuwa natengeneza kompyuta katika ofisi moja ya misaada kule Kinindo, mtaa wa mbali na nyumbani. Vita vilikuwa vimetuzoea. Asubuhi unaenda kazini vizuri, mchana risasi zinaanza kulia milimani, barabara zinafungwa, unalala ulipo. Tukapatana: nikikwama nitakubipa. Simu italia mara moja, nitakata, nawe utajua kwamba niko hai na nalala hukuhuku. Usipokee tu, maana ukipokea salio langu linakwisha. Mji mzima ulikuwa unaishi hivyo.

Ukakubali kwa kichwa. Halafu ukapokea. Kila mara!

"Alo? Ni nani uyo?"

"Mama, ni mi! Si nilikuambia usipokee? Ni bipu!"

"Sasa mutu anipigie hodi, mi ninyamaze? Apana. Mi siko mwizi."

Simu ikakatika. Ulinichosha, mama, nakuambia ukweli. Nilikufundisha upya kila Ijumaa ukitoka kuswali, ukaapa umeelewa, na bipu iliyofuata ukaipokea kwa furaha ileile.

Kisha ikaja siku mabomu yalipoanguka ndani ya mji wenyewe. Tulilala chini ya meza ofisini, mimi na wenzangu, na mmoja wao, mkazi wa Mutanga Nord, hakuacha kusema kwamba sauti zinatoka upande wa Jabe, mtaa wako. Nilitamani kumziba mdomo. Nikakubipa kama tulivyopatana, na kabla sijakata ukawa umeshapokea.

"Mutoto wangu, nimesikia. Na mi niko. Tuko wote ndani, tunapika maharage."

Salio likaisha. Nikalia kwa furaha mbele ya watu wa ofisi na sikuona haya hata kidogo.

Ndipo nilipogundua kwamba mpango wetu ulikuwa wa upande mmoja. Bipu ilikuambia wewe kwamba mimi ni mzima, lakini nani angeniambia mimi habari zako? Kompyuta mbili zikitumiana habari, ile inayopokea hurudisha jibu dogo kusema imefika, na jibu lisipokuja, ile ya kwanza hutuma tena. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Wewe hukuwaza kompyuta wala nini. Uliitika kwa sababu umeitwa, basi.

Mama, risasi zimenyamaza. Watu wanalalamika kwamba simu zimetutenganisha, kila mtu kainama na yake. Mimi nabishana nao, unanijua. Chombo ni kilekile, inategemea tunakiunda tukimfikiria nani. Sasa hivi kazini tunaunda mfumo wa zahanati za milimani: muuguzi akiishiwa dawa, anatuma ujumbe mjini. Mwenzangu mmoja, mhandisi hodari, alitaka tuondoe ule ujumbe mfupi wa kumjibu muuguzi ili tubane matumizi. Nikakataa kabisa. Yule dada yuko peke yake na mgonjwa mbele yake, lazima ajue kuna mtu amemsikia. Tulibishana mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Sawa, jibu libaki," na akaliandika yeye mwenyewe, zuri kuliko langu. Nina matumaini makubwa na watu hawa.

Basi jioni ya leo mjukuu wako, anayesoma chuo na kulala bweni, alinibipa kunijulisha kwamba amefika salama. Ndivyo tulivyopatana. Simu ikalia mara moja, mkono wangu ukaifuata wenyewe.

"Mama! Juu ya nini umepokea? Ni bipu tu! Umemaliza salio yangu!"

"Nimesikia, mutoto wangu," nikamwambia. "Na mi niko. Tunapika maharage."

Lala salama, mama.

Binti yako wa pili