Weye Umekufa, Umelipwa

Faustin ndugu yangu,

Niko nakuonea wivu. Nasema wazi, kwani siye wawili hatukuwaka tunafichana kitu, toka tulipoanza kazi ya sherehe pamoja, weye na kamera ya video, mimi na ya picha.

Unakumbuka ile ndoa ya kule Saio, ya binti wa ule muzee mwenye kuuza simenti? Tulimupelekea kazi yake, akafurahi sana, akasema tupite lundi, juma ikianza. Lundi ikawa mardi, mardi ikawa eti yuko mu njia ya Butembo. Weye ulikuwa unacheka tu. Halafu homa ikakubeba, hata hatukuelewa.

Siku ya kuondoa matanga, baba yako mudogo akauliza vile tunaulizaka: kama kuna mutu iko na deni ya marehemu, aseme leo mbele ya watu. Ule muzee akasimama. Akatoa makuta, feza yote ya video, akaiweka mu mikono ya bibi yako Neema, mujane uliyemuacha. Watu wakamusifu. Mimi nilikuwa nyuma, machozi yakakauka palepale. Ndoa ni ile ile, Faustin. Picha zangu hajalipa mpaka leo.

Kesho yake nikamufuata ku depo yake ya simenti. Akanijibu, "Weye uko muzima, unaweza kungoja. Deni ya mufu ndiyo inaogopesha." Nikarudi nyumbani na hiyo jibu. Mwenye nyumba alikuwa amekaa ku mulango wangu anataka feza ya nyumba, na yeye kungoja hajui. Ile siku nilikuchukia, ndugu.

Sasa jana Neema alikuja kwangu. Anataka picha yako kubwa ya kutundika mu salon, pale anapokeaka wageni, ile nilikupiga kule Marabo, yenye ulikataa kucheka. Hata sijataja bei, akafungua fundo ya kitenge chake, akalipa yote. Nikamuambia, shemeji, ngoja kwanza upumuwe. Akakataa. Akasema weye ulikuwa unamuambia mutu akishafanya kazi, asirudi kwake mikono mitupu. Mimi hukuniambiaka hivyo hata siku moja. Wivu ikanishika tena: hata bibi, ulipata mwenye kulipa. Kisha akabaki anaangalia picha yako, mukono ku mudomo, na mimi sikujua mahali pa kuweka macho.

Mwenye nyumba nimemulipa. Picha iko tayari. Nilifuta kile kikovu cha kidevu yako, halafu nikakirudisha, kwani Neema angekitafuta.

Lala salama, ndugu yangu. Wivu haijaisha, nisikudanganye. Lakini nakuahidi: lundi nitarudi kwa ule muzee, na lundi ingine, mpaka achoke na uso wangu. Ile makuta bibi yangu ataipokea mu mikono yangu, si mu matanga yangu.

Ni miye, mwenzako wa kazi.