Pete Uliyokuwa Ukiivua

Baba,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumuuliza mwenzako hali. Hali yako naijua, basi nianze na yetu. Tupo. Mama anatembea vizuri, mguu unamsumbua wakati wa baridi tu. Marselina ameota meno manne na anauma kila kitu, mpaka mimi mamake. Baba yake yuko porini na wageni, anapika kambini, tunamwona mara moja kwa mwezi. Mimi nimechoka, Baba. Asubuhi nafua mashuka ya lodji, mchana nalima, na huyu mtoto hajui usingizi ni kitu gani. Sasa hivi amelala mgongoni. Nikikaa anaamka, kwa hiyo naandika nimesimama, daftari liko juu ya mfuniko wa pipa la maji. Utanisamehe mwandiko.

Nina jambo la kukuambia ambalo nimelichelewesha. Ilibaki kidogo tu kaburi lako lihamishwe, na aliyesababisha ni mimi.

Ilianza na choo. Masika ilipokwisha, kaka Paskali alianza kuchimba choo kipya kule nyuma ya maharage yetu ya ngwara, hatua kama thelathini kutoka ulipolala. Shimo lilipomfika kifuani akakutana na mwamba mweusi. Akaupiga nyundo. Ndani kulikuwa na chembe za rangi ya asali, jua likizipiga zinawaka. Akaniita kwa sauti ya kuamsha kijiji, "Mama Marselina, njoo uone mzee alikuwa amekalia nini!"

Nilizitambua zile chembe. Ulinionyesha nikiwa darasa la nne, siku ulipoomba dereva wa wale wataalamu wa miamba uliokuwa ukiwafanyia kazi anipakie kwenye gari la kazi. Tulisimama ukingoni juu ya kreta, upepo unanipeperusha sketi ya shule, na wewe umenishika kwa kola kama mbuzi. Nilikuuliza moto wote ule ulienda wapi. Ukasema, "Ulilala tu. Na huu ni moto wa juzi, mtoto." Nilifikiri juzi ni juzi. Baadaye ndiyo nikajua juzi yako ni miaka milioni mbili na ushee.

Ulikuwa na mawe ya juzi na mawe ya kibibi. Ya juzi ni haya yetu ya Ngorongoro na Oldeani, meusi, yamekaa juu juu. Ya kibibi ni yale uliyokwenda kuyabebea mifuko kule upande wa Ziwa, ya kijani kama mboga iliyochemshwa sana. Uliniambia nayo yalikuwa moto wa volkano, yakamwagikia ndani ya bahari ambayo haipo tena, kabla mnyama yeyote hajawa na miguu. Nikakuuliza kwa nini dhahabu iko kwao na kwetu haipo. Ukanionyesha birika la Mama, lile lenye ukoko mweupe ndani. Ukasema maji yetu ukiyatazama ni meupe, huoni kitu, lakini yachemshe kila siku uone yanavyoacha ukoko. Huko chini maji ya moto yalizunguka kwenye yale mawe ya kibibi kwa muda ambao hatuwezi kuuhesabu, yakaokota dhahabu kidogo hapa na kidogo pale, yakapanda kwenye nyufa, na yalipopoa yakaiacha. Ndiyo maana wataalamu wanasaga jiwe na kulipima limebeba nini. Jiwe linawaambia lilitoka kwenye moto wa aina gani, na kama maji ya namna hiyo yaliwahi kupita.

Mpaka leo nikisugua birika nakukumbuka.

Nilimwambia Paskali, "Kaka, haya ni mawe ya juzi. Hayana kitu." Akanijibu, "Wewe ulipakiwa kwenye gari mara moja, leo umekuwa profesa?" Lakini aliyejua kuandaa mawe ya kupeleka maabara nilikuwa mimi tu, na yeye alilijua hilo. Akaja taratibu, "Basi niandalie, mdogo wangu. Mzee alikufundisha wewe, mimi hakunifundisha." Hapo akanipata.

Nilitoa kinu chako cha chuma chini ya kitanda. Nikatoa na chekecheo. Baba, sikuwa nimefurahi hivyo tangu tulipokuzika. Nilivunja ngozi ya jiwe nikaitupa, kwa sababu ulisema ngozi imeshadanganywa na mvua, chukua nyama. Nilitwanga kwanza lile jiwe lako jeupe lisilo na kitu ndani ili kukinawisha kinu, nikamwaga. Kisha nikatwanga letu. Unga nikausugua kwenye chekecheo kwa kiganja, mzunguko mzunguko, kama ulivyokuwa ukifanya pale pale barazani. Nilisikia harufu yako. Ile ya vumbi la jiwe na jasho na sabuni ya mche.

Na kidoleni nilikuwa na pete yako.

Mama alinipa siku tulipomaliza matanga. Alisema akiiona kila siku atakufa akufuate. Ni kubwa kwangu, nikaizungushia uzi upande wa mgongo wa kidole ili isitoke. Tangu siku hiyo sikuwahi kuivua, si kwa kufua wala kwa kulima. Nilihisi nikiivua ndiyo utakuwa umekufa kabisa.

Wewe ulikuwa unaivua. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko mambo mengi. Kabla hujagusa jiwe unaitia kwenye kiberiti kitupu, kiberiti unakitia mfuko wa shati, unafunga kifungo. Jioni ukirudi Mama anaanza na kidole chako kabla ya salamu. "Leo umeoa wapi?" Nawe, "Nimeoa mawe, hayana wivu kama wewe." Anakuvalisha mwenyewe huku akisonya. Mimi niliamini unaogopa nyundo isije ikaibonyeza. Siku moja nilikuuliza, ukasema, "Jiwe ni mmbea, mwanangu. Litasema mpaka ulichovaa." Nilicheka. Nilikuwa mtoto, nikadhani unanichekesha.

Majibu ya maabara yalirudi yakisema kuna dhahabu.

Sitakueleza kelele za siku ile. Paskali alinibeba juu juu na mtoto mgongoni. Majirani walijaa. Mzee mmoja mwenye mashine ya kupasulia miamba alifika wiki ile ile, akapima kwa miguu, akasema mwamba unaelekea kwenye ngwara, na ukipita ngwara unaelekea kwako. Paskali aliinama, akasema, "Baba angeelewa. Tutamhamishia kanisani." Mama alitugeuzia mgongo. Aliingia ndani akalala mchana kweupe, mtu ambaye sijawahi kumwona amelala mchana. Na mimi, Baba, nilinyamaza. Niliona nyumba ya bati jipya. Niliona nimeacha kufua mashuka ya watu. Nakuambia ukweli kwa sababu kwako siwezi kujificha.

Siku tatu kabla ya kuanza kung'oa ngwara nilikuwa lodji nafua. Povu lilipotelemka nikaiona pete haing'ai kama zamani. Nikaigeuza. Upande wa kiganjani ilikuwa imekwanguka, mistari mistari, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mashuka hayakwangui dhahabu. Nikakaa chini palepale kwenye maji.

Nilikusikia ukisema jiwe ni mmbea.

Kumwambia Paskali ilikuwa kazi kuliko uzazi. Nilimwambia mbele ya Mama na mbele ya yule mzee wa mashine, kwa sababu nilijijua, peke yetu angenibembeleza. Nikasema kosa ni langu, nilisugua unga na pete, dhahabu iliyopimwa ni ya pete. Yule mzee akacheka, "Pete gani hiyo ya kujaza mgodi?" Nikamwambia maabara hawatafuti kipande, wanatafuta hata ambacho jicho halioni. Paskali akanigeukia. Macho yake, Baba. "Ungekuwa wewe ndiye mwenye shamba ungesema hivyo? Wivu tu." Aliniumiza, na sikumjibu vibaya. Nilisema kitu kimoja tu: kaburi haliguswi mpaka jiwe lipimwe tena. Nikasema nitalala juu yake na mtoto kama itabidi.

Mama ndiye aliyemaliza. Alisimama mlangoni akasema, "Lipimwe." Na mama akisema neno moja, unajua mwenyewe.

Tulichukua jiwe moja tukalipasua katikati. Nusu nilitwanga na kuchekecha nikiwa na pete, kama mara ya kwanza. Kisha nikakinawisha kinu kwa lile jiwe jeupe mara tatu, chekecheo nikabadilisha, pete nikaivua. Baba, haikutaka kutoka, uzi ulikuwa umevimba kwa maji ya kufulia. Mama alinimiminia mafuta ya kupikia kidoleni, akaivuta, akaitia kwenye kiberiti, akakishika mwenyewe. Nusu ya pili nikamwambia Paskali asage yeye. Nilimwelekeza, piga, usitwange kama mahindi, geuza mkono. Alifanya vizuri, tukapeleka maabara mifuko miwili. Ana mkono wako, sikuwahi kuliona hilo.

Majibu yalikuja kwa simu, Paskali amekaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia. Mfuko wa pete una dhahabu. Mfuko aliosaga yeye hauna kitu. Alisoma mara mbili. Nikasubiri anitukane. Akasema, "Kumbe mgodi wenyewe ulikuwa kidoleni kwako." Akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia, na Marselina akalia kwa sababu aliona wote tunalia. Alisema kitu ambacho nakuletea kama kilivyo: "Mimi nilidhani mzee ameniachia kitu, hata kama hakunifundisha."

Hilo lilinikaa. Ulinifundisha mimi kwa sababu nilikuwa nyuma yako kila saa, na yeye alikuwa na ng'ombe kule mbugani. Hakuna aliyekosea. Ila aliumia, na sisi wawili hatukujua.

Pete hii uliinunua kule Ziwa, Mama aliniambia juzi. Kwa hiyo ile dhahabu ilikuwa ya kweli. Ilitoka kwenye mawe yako ya kibibi, ikakaa kidoleni kwako miaka yote, ikapitia kwangu ikaanguka kwenye unga wa choo cha Paskali. Ungecheka mpaka ukakohoa.

Choo kimekwisha, kina na mlango. Ngwara imetoa maua. Lile jiwe jeusi lenye chembe za asali Paskali ameliweka kichwani pako, upande uliopasuliwa ukitazama mlima.

Marselina anajitikisa, nimalizie. Nakuahidi hakuna atakayekuhamisha nikiwa hai. Nakuahidi Jumapili mchana namfundisha Paskali kinu, tumeshaanza, na mtoto akipata nguvu ya kushika nyundo atafundishwa na mjomba wake. Lala salama, Baba yangu.

Nimeivua wakati naandika. Iko kwenye kiberiti, hapa kwenye mfuniko wa pipa, na sikufa, wala wewe hukufa zaidi. Nikimaliza nitamwita Mama anivalishe.

Mwanao wa kukufuata nyuma nyuma.