Aliyeanguka Ngazini Hakuangushwa na Mlinzi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha maelezo, Jumatatu tarehe 15 mwezi wa nane, kuanzia saa nne asubuhi.

Shahidi: Mzee Karani, kwa jina analojulikana nalo na majirani wote
Umri: miaka 79
Kazi: karani wa mahakama, mstaafu
Makazi: ghorofa ya pili, jengo la geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha uchapaji
Hali yake: mgonjwa wa moyo. Ametoa maelezo akiwa ameketi, na amepewa maji.

Kuna jambo nimelificha tangu mwezi wa nne, na kwa sababu yake mtu asiye na kosa amelala katika mahabusu yenu tangu Alhamisi. Nilikwenda China na chama cha wastaafu, safari ya kujifunza utamaduni. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, anaamini kwamba kule nilitembelea majumba ya makumbusho. Sikuingia hata moja.

Nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Daktari ameniambia moyo wangu umebakiwa na kazi kidogo, wala hakuzunguka mbuyu. Kwa miaka mingi niliandika maneno ya watu wengine mahakamani, kwa hiyo najua maelezo yanavyotakiwa kuwa. Najua pia yanavyokuwa mtu anapotaka kujiokoa. Nimemwomba afande aliye mbele yangu asinirembee sentensi.

Ratiba ya safari ile ilikuwa na matembezi kila asubuhi: vyungu vya kale, mavazi ya wafalme, maandishi ya brashi. Aliyetaka aliruhusiwa kuacha matembezi na kujifunza kungfu katika ua wa shule moja iliyokuwa karibu na hoteli yetu. Hilo lilikuwa la hiari. Kwangu halikuwa la hiari, lilikuwa marufuku. Siku ya kuondoka binti yangu alimshika mkono kiongozi wa msafara, tuliyemwita Mama Bendera kwa sababu ya kibendera alichotuongozea, akamwambia mbele ya watu, "Baba yangu asisogee kwenye hayo mambo ya ngumi. Nikisikia ameshika hata mpini wa ufagio, nakuja kumchukua mwenyewe." Mama Bendera akaapa. Mimi pia niliapa.

Asubuhi ya kwanza nilimwambia Mama Bendera kwamba nitabaki chumbani nipumzike. Mgonjwa wa moyo akitaka kupumzika, nani atambishia? Basi lilipoondoka, nilikwenda uani. Nilifanya hivyo kila asubuhi mpaka tuliporudi.

Niliyelala naye chumba kimoja alikuwa kinyozi mstaafu. Yeye alikwenda kwenye makumbusho yote, na jioni alinisimulia ili nami nimsimulie binti yangu kwa simu. Kasoro ya Kinyozi ni kwamba hawezi kusimulia bila kutia chumvi. Aliniambia ameona chungu kirefu kuliko mlango, nami nikakipitisha hivyo hivyo. Binti yangu akauliza, "Baba, kirefu kuliko mlango? Sasa walikiingizaje?" Nikamwambia walikiweka kwanza, nyumba wakaijenga baadaye. Kinyozi alijifunika shuka usoni asisikike anacheka.

Mwalimu wetu wa kungfu alikuwa mama mmoja mfupi, ambaye alikuja na mfuko wake wa mboga, akauweka chini ya benchi, akatufundisha, akaondoka nao. Mkalimani alikuwa msichana wa kule kule aliyejifunza Kiswahili chuoni, na alikizungumza kwa adabu kuliko sisi wenyewe. Siku ya kwanza mwalimu alinisukuma kifuani kwa kidole kimoja, akasema maneno mawili matatu. Mkalimani aliinama kidogo. "Mzee mheshimiwa, mwalimu anasema wewe ni mlango uliokwama. Naomba radhi kwa niaba yake."

Mwalimu alinishika mshipa wa mkono, akasikiliza. Akasema mengine yote yataniua, atanifundisha moja tu. Hilo moja ni hili. Mtu anapokusukuma, hushindani naye. Unamwekea mkono kwenye kiwiko kama unayemkaribisha mgeni ndani, unarudisha mguu mmoja, unageuza kiuno. Uzito aliokuletea anaondoka nao mwenyewe. Lakini kabla ya kugeuka lazima uamue unampeleka upande gani, kwa sababu anayegeuka bila kuamua huanguka pamoja na mgeni wake. Kwa hiyo kila mara mtu aliponisukuma, mwalimu alipaza sauti kutoka kwenye benchi akiuliza neno moja, na mkalimani akalitafsiri: "Wapi?" Mimi nilitakiwa kujibu kwa kidole, ukutani au uani, ndipo nigeuke. Nilianza kuweza siku ya nne. Nilipofika hotelini nilimwangusha Kinyozi kitandani kwake mara nyingi mpaka akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nimekuja kuona vyungu, si kuwa chungu."

Niliporudi nilinyamaza. Binti yangu aliwaita shangazi zake waje wasikilize habari za makumbusho, nami nilizungumza kwa saa nzima.

Mnamo Jumatano, tarehe 10 mwezi huu, saa kumi na moja kasoro jioni, niliona dawa yangu ya moyo imekwisha. Binti yangu alikuwa kazini. Nilimwita dirishani mlinzi wa jengo letu, ambaye watu humwita Bondia kwa sababu ya mabega yake. Kupigana hajawahi. Nilimwomba akimbie duka la dawa.

Akasema, "Mzee, bosi akipita akakuta geti halina mtu, mimi sina kazi."

Nikamwambia, "Nenda, geti nitalitazama mimi kutoka huku juu."

"Kwa macho gani, Mzee?" Akacheka, akaenda. Naomba iandikwe kwamba ni mimi niliyemtoa getini.

Nilitoa kigoda changu nikakaa kwenye korido kumsubiri. Mlango unaotazamana na wangu ni wa fundi cherehani. Alihamia mwaka huu na cherehani yake na mkoba mmoja, baada ya kumkimbia mume wake. Huniita babu, ingawa hatuna undugu. Akishona, mlio wa cherehani hufika mpaka kitandani kwangu, na mimi huulalia.

Mwanamume mmoja alipanda ngazi. Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Aliponifikia akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, "Marahaba." Cherehani ilinyamaza pale pale aliposikika, na hapo nikajua ni nani.

Aligonga mlango wa Fundi kwa ngumi. "Fungua. Chukua vitu vyako twende."

Fundi alijibu akiwa ndani, "Nilishasema sirudi. Ondoka."

Akapiga mlango teke. Mbao ya chini ikapasuka. Niliinuka kwa mkongojo wangu nikaenda kusimama kati yake na mlango.

"Mzee, nakuheshimu," akasema. "Haya ni ya mtu na mkewe. Nipishe."

"Mwenyewe amekwambia uondoke. Nami nimemsikia."

"Wewe ni wa kuombewa dua, si wa kuzuia watu."

"Basi kaniombee huko nje ya geti."

Akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo alikuwa chini kwenye kona ya ngazi, amelalia bega, na nilikuwa nimesikia sauti kama ya ukuni kuvunjika. Hospitali imethibitisha kwamba ni mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, uliovunjika. Mimi nilirudi kukaa kwenye kigoda kwa sababu moyo ulikuwa unapiga vibaya. Fundi alikuwa bado amejifungia ndani. Hakuona kitu.

Bondia alirudi wakati huo huo, na mfuko wa dawa mkononi. Alimkuta mtu ngazini, akainama kumtazama. Ndipo milango ya majirani ilipofunguliwa. Walichoona ni mtu chini na Bondia juu yake. Jirani wa ghorofa ya tatu akapiga makofi, akasema, "Bondia kamlaza! Leo ndiyo umeonyesha kazi!" Yule mwanamume alinitazama mimi pale juu, na mkongojo wangu, na kigoda changu. Kisha akamtazama Bondia mabegani. Akasema, "Huyu ndiye aliyenipiga." Sikumshangaa. Angewaambiaje wenzake kwamba ameangushwa na mzee aliyemwamkia?

Bondia naye alinitazama. Kukana kungemlazimu aseme alikuwa wapi. Alipanda, akanipa mfuko. "Dawa yako, Mzee." Kesho yake asubuhi alikamatwa.

Nilinyamaza. Kwa binti yangu nilisema nusu. Nilimwambia, "Bondia hakumgusa yule mtu." Akauliza, "Kwani aliteleza?" Sikujibu, naye akachukua kimya changu kuwa ndiyo, akanipa vidonge vya usiku. Nilimwogopa binti yangu. Ameacha mambo yake mengi ili anitunze, na niliapa mbele yake nikiwa nimeshajua sitatimiza. Kusema nilivyomwangusha mtu kungekuwa kusema nilikojifunzia. Ni sababu ndogo, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Jana mchana mke wa Bondia alikuja kuchukua koti la kazi la mumewe kwenye kibanda cha getini. Kampuni imelitaka lirudishwe. Alikuwa amelifua na kulitundika kibandani kabla hajaambiwa chochote, sasa alikuja kulikunja tu. Alipanda kunisalimia. "Shikamoo, baba," akasema. "Ile dawa aliyokuletea mume wangu, imekufaa?"

Nikamwambia imenifaa. Akasema, "Haya, tunamshukuru Mungu," akashuka na koti mkononi. Yule mama alijua Bondia alikuwa wapi. Amekuwa akijua siku zote hizi, na hakuniuliza jingine.

Leo asubuhi, binti yangu alipokwenda kazini, niligonga kwa Fundi nikamweleza. Alicheka kwanza, mpaka akashika cherehani asianguke. "Babu, wewe? Kwa mikono hii?"

"Kwa kiuno," nikasema.

Kisha akalia, kisha akafunga mlango wake ule uliopasuka na kuita teksi. Yeye na dereva wamenishika mkono mpaka humu, na ndiye aliyeketi hapo nje.

Afande aliponisikia aliweka kalamu mezani. "Babu, umeingia hapa umeshikwa na watu wawili. Utamwangusha nani?" Nikamwomba asimame anisukume. Alinisukuma kwa adabu. Nikamwambia asinisukume kama mjukuu, anisukume kama askari. Aliponisukuma kama askari alikwenda kukaa juu ya mafaili kwenye benchi la ukutani, na kofia yake ikaenda peke yake mpaka mlangoni. Naomba liingie katika maelezo. Afande amekubali liingie.

Baada ya kuokota kofia, afande aliniambia kwa upole kwamba tunaweza kuandika hivi: mtu alimsukuma mzee, mzee akampisha, mtu akaanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Ni sentensi nzuri. Ningekuwa bado karani ningeipenda. Nimekunywa maji yangu nikiifikiria, na nimeikataa. Tangu nianze kuzungumza humu ndani kifua changu kimekuwa chepesi kama cha mtu aliyetua gunia, na sitaki kubeba tena hata kiganja kimoja cha kilichokuwamo.

Pale nilipokuwa nimesimama, kulia kwangu kulikuwa na ukuta. Kushoto kulikuwa na ngazi. Mkono wangu ulipokuwa kwenye kiwiko chake nilipata nafasi ya kujiuliza lile swali la mwalimu, na nilijiuliza kwa sauti yake. Ukutani angejigonga tu, akageuka, akarudi mlangoni kwa Fundi. Niliamua kabla ya kugeuka, kama nilivyofundishwa. Nilimpeleka kwenye ngazi.

Nimesomewa haya kwa sauti, nami nikayafuata kwa macho yangu. Ni yangu yote, na pale nilipokosea nimeyasahihisha mwenyewe kwa kalamu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Shahidi amesahihisha pia nukta zangu mbili. Mlalamikaji amepigiwa simu akiwa hospitali. Amekiri kwamba mlinzi hakumgusa. Ameambiwa kwamba atahojiwa kuhusu mlango uliovunjwa. Mlinzi ametolewa mahabusu saa saba mchana. Shahidi alikataa kuondoka kabla ya kumwona, na walikaa pamoja kwenye benchi la nje. Nimemwandikia mwajiri wa mlinzi kueleza kwamba alitoka getini kumfuatia mgonjwa dawa. Kuhusu shahidi mwenyewe, jalada litapelekwa kwa mkuu wa kituo. Kwa sasa amekabidhiwa kwa binti yake, aliyefika akiwa bado na sare za hospitali. Binti alisoma maelezo yote akiwa amesimama. Alimpima baba yake mapigo ya moyo, akasema yako sawa kuliko jana. Kisha akamuuliza swali moja tu, kuhusu chungu.