Vidonge Ulivyoviita Chaki

Ongwediva, Alhamisi

Kwako Dada Taimi,

Salamu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mlifika Windhoek salama, na kwamba mafua ya yule mdogo yamepoa. Huku sisi ni wazima. Mama anasumbuliwa na goti lakini anatembea, na mvua imenyesha mara moja tu. Mimi pia ni mzima, sijaanguka, ingawa mtu akikusikiliza wewe atadhani ninaandika kutoka kaburini.

Ningekupigia simu, ila tangu Jumapili hupokei. Basi soma.

Kwenye harusi ya binamu yetu Penda ulishika kipaza sauti, ukanigeuza uso mbele ya shangazi zetu wote kama mbuzi wa mnadani. Ukasema, "Mnaliona hili kovu? Hii ndiyo kazi ya vidonge vya bure vya kliniki. Chaki tupu! Isingekuwa mimi na dawa yangu ya Windhoek, huyu tungekuwa tumeshamzika." Watu wakapiga vigelegele. Shangazi Lahja akanifinya mkono, akaninong'oneza nikushukuru. Nikakushukuru. Ulitabasamu vizuri sana, dada, mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Sasa sikia yaliyofuata ulipopanda gari lako ukaenda zako. Jirani yetu Rauna alikuwepo pale. Binti yake, Tuli, ana kifafa kama mimi, na kwa vidonge vya kliniki alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuanguka. Kesho yake Rauna alivimwaga chooni. Akaenda duka la dawa kuulizia hivyo vyako vya kasha la buluu, akatajiwa bei, akarudi mikono mitupu. Jumanne Tuli akaanguka penye bomba la maji, akavunjika meno mawili. Mimi ndiye niliyemlaza ubavu, na mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Njia nzima mama yake ananiuliza, "Lakini Hilja, si dada yako ndiye aliyesema?"

Ningefurahi kukuandikia kwamba dawa yako ni mbaya. Si mbaya. Baada ya kuungua shavu nilipewa ya kliniki, na wewe ulipoanza tena kutuma, nilimsumbua daktari mpaka akaniruhusu kurudi kwenye yako, kwa uangalizi wake. Nilijipeleleza kama polisi. Usingizi ulikuwa ule ule, mikono ikatetemeka kidogo asubuhi kama kawaida, na uzi ukaingia kwenye tundu la sindano kwa shida ile ile. Sikuanguka kwa hii wala kwa ile. Daktari akapima damu, akasema dawa iliyomo mwilini ni kiasi kile kile. Alisema wapo wachache ambao miili yao huona tofauti, ila mimi si mmoja wao, na akanikataza kurukaruka: nichague moja, nikae nayo, nisipitishe hata siku moja bila kumeza. Nikachagua ya kliniki. Makasha yako nampelekea yeye, ana mgonjwa anayetumia hiyo. Unataka kujua kwa nini nilichagua hivyo? Kwa sababu nesi wa kliniki hajawahi kuninunia.

Ndiyo, dada. Tunafika pale usipopataka.

Mwaka ule uliponitaka nihamie kwako nikulelee watoto na kukupikia, nikakataa kwa kuwa nilikuwa nimeshapata chumba cha kushonea, uliniambia kwa simu, "Haya bwana, tutaona nani atakutumia dawa." Nilidhani ni hasira tu. Kifurushi hakikuja. Nikapiga, hukupokea. Nikamwachia shemeji ujumbe kwamba vidonge vimeisha. Kimya. Kliniki iko nyuma ya chumba changu, nasikia hata wakiita majina ya wagonjwa, lakini sikwenda. Tangu nikiwa msichana ulinifundisha kwamba kule wanagawa chaki, na nilikuamini wewe kuliko nesi. Nikaangukia pasi ya moto. Sikuwa nimemeza kidonge cha kliniki hata kimoja. Sikuwa nimemeza chochote.

Hospitalini ulimwambia Mama kwamba nilibadilisha dawa kwa siri. Mimi nilikuwa na bandeji mdomoni. Ilipotolewa nikakuta Mama ameshaamini, nikaona nikisema ukweli nitampokonya binti mmoja. Nikanyamaza. Miaka yote hii nimekubali kuitwa mjinga ili wewe uitwe mwema. Ningeendelea, kama ungeishia kwenye shavu langu. Lakini meno ya Tuli si yangu kuyasamehe.

Jana nimemwambia Mama. Nilimwita na Rauna aje asikie. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kama ulijua kuwa vidonge vimeisha. Nikamwambia ulijua. Ugali wake wa oshifima ukapoa mbele yake, hakuugusa. Baadaye akasema usikanyage hapa Krismasi mpaka uwe umempigia Rauna simu ukamwambia ukweli kwa mdomo wako mwenyewe, na kwamba yeye hatakusaidia kutafuta maneno.

Wasalimie watoto, hawana kosa. Shangazi Lahja anakusalimu, bado hajajua. Majirani wanakusalimu. Mama nilimwuliza kama niandike na salamu zake. Akasema bado.

Mdogo wako,
Hilja